Pembe ya Kushoto, Chini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo ni tarehe mbili Juni, mwaka 2025. Nimehesabu kwenye kalenda: miaka sitini kasoro siku tisa tangu mama anivushe Ruvuma. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mengine yote nimeyaishi hapa Songea: shule, ndoa, studio ya picha, mazishi ya mke wangu. Na bado sokoni wananiita Mzee Msumbiji.

Bartolomeo amepiga simu asubuhi. Ni wa kijiji chetu, Nkolowe, ng'ambo. Tulichunga mbuzi pamoja. Mwaka jana alipata namba yangu kwa mapadri, na tangu hapo haachi kupiga. Wamejenga ukumbi. Utafunguliwa tarehe 25, siku nchi yao inatimiza miaka hamsini ya uhuru. (Nimeandika "yao". Naiacha hivyo.) Ukutani watatundika picha kubwa za wazee wa zamani, na ya baba yangu wanaitaka. Atakuja na gari tarehe 18 kuichukua. Na kunichukua mimi, nikaifunue mbele ya watu.

Nimekubali! Sijui ni nani aliyejibu kwa mdomo wangu. Miaka sitini naiota njia ile: mpakani Mkenda, mto, kisha msitu wa misuku mpaka kwenye kengele ya misheni.

Binti yangu Ida, ninayeishi naye, kapiga vigelegele jikoni. Ameanza kupanga nguo. Zangu na zake.

Picha ya baba ninayo moja tu. Iko ukutani sebuleni, ukubwa wa sahani. Seremala wa misheni, aliyeuawa na Wareno. Ndivyo wajuavyo watu wote wa mtaa wetu, Matogoro. Ndivyo ajuavyo Ida.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata njia. Nitaipeleka ile ile ya ukutani kwa Dorine, mwenye studio karibu na soko. Ataipiga skani, ataivuta iwe kubwa, na itatoka na ukungu, sura haijakaa sawa. Ukungu unanifaa. Watasema ni uzee wa picha. Kesho kutwa nikipata nguvu.

Alhamisi, 5 Juni

Ida ameshapeleka. Tena si picha. Negativu!

Nimekuta kopo la maziwa ya unga liko wazi mezani, lile ninalowekea vyeti. Bahasha ya chini kabisa haipo. Nilimuuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akacheka. "Baba, si wewe uliyenifundisha? Usikuze picha kutoka kwenye picha. Rudi kwenye negativu."

Ni kweli, ni mimi. Alikuwa na miaka tisa, amekaa kwenye stuli ndani ya chumba cha giza, namwambia hivyo kila Jumamosi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunisikiliza kama yeye. Ningemgombeza kwa kosa gani?

Niandike hapa, maana sijaandika popote.

Mama alivuka na picha ndogo ya baba, imeshonewa ndani ya pindo la nguo. Alipofariki mwaka 1978, tayari nina studio, niliipiga picha ile ili nipate negativu. Kisha nikaichoma ile ya mama jikoni, nikaingia chumba cha giza. Baba amesimama. Shati la kaki, kaptula, miguu mitupu. Mkono wa kulia umening'inia, umeshika kitu. Nikaifunika karatasi yote kwa kadibodi, nikaacha pembe moja tu, ya kushoto, chini, iendelee kupigwa na taa ya mashine ya kukuzia. Dakika nzima. Ikaungua ikawa nyeusi ti. Kila anayeiona anadhani ni kivuli cha nyumba. Hiyo ndiyo iliyoko sebuleni.

Alichoshika ni palmatoria. Ni ubao wa duara wenye mpini na matundu matano. Ulikuwa wa kupigia watu viganja: aliyeshindwa kodi, aliyelima mihogo badala ya pamba ya serikali, mwanamke aliyechelewa kazi ya barabara. Pigo moja tu, nyama ya kiganja inavutwa ndani ya matundu. Baba hakuwa seremala. Alikuwa sipai, askari mweusi wa Wareno, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kila Jumatatu mbele ya ofisi.

Wala si Wareno waliomchukua, Aprili ile ya 1965. Ni watu wa Nkolowe.

Miezi miwili baadaye, njiani na wakimbizi wa vijiji vingine, mama alisimama akanishika sikio. Kuanzia leo baba yako alikuwa seremala. Sema. Nikasema.

Negativu nilishindwa kuichoma. Mpaka leo sijui kwa nini. Haikuwepo sura yake nyingine duniani.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Dorine. Pamefungwa. Jirani anayeuza vocha anasema yuko msibani Madaba, mpaka Jumanne. Nimechungulia dirishani kama mwizi. Kompyuta nimeiona. Bahasha sikuiona.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Baada ya misa mwenyekiti wa jumuiya alinisimamisha. Mzee wetu anakwenda kumtundika baba yake, shujaa, fundi wa kanisa! Makofi. Akina mama wakanipa mikono mmoja mmoja. Viganja vyao nikavitazama. Sikuweza kutazama nyuso.

Jumanne, 10 Juni

Dorine amerudi. Nilikuwa mlangoni kabla hajafungua kufuli.

"Shikamoo mzee! Leo umekuja kukagua kazi za wadogo?" Akaniletea kiti. Ni mtu mzima sasa, ana watoto sekondari, lakini bado ananidai, anasema: nilimpiga picha ya komunyo ya kwanza akiwa amefumba macho, na sikurudia. Nilimwambia filamu ilikuwa imeisha. "Miaka thelathini na tano niko ukutani kwa mama yangu kama maiti!" Alicheka mpaka akakohoa. Nikacheka pia. Nilitaka acheke siku nzima asiwashe kompyuta.

Akaiwasha.

Nimpe haki yake: anajua kazi. Negativu ni ya sentimita sita kwa sita, na ameipiga skani kwa nukta elfu nne na mia nane kwa kila inchi. Akaniuliza ukubwa, nikasema sijui, akasema Ida kamwambia sentimita tisini kila upande. Tukapiga hesabu pamoja. Nukta mia tatu kwa inchi kwenye karatasi, kwa upande ni elfu kumi na mia sita na kitu. Zipo karibu zote! Kwa dakika moja nilisahau hofu. Vumbi ameondoa, punje moja moja, kwa mkono, si kwa programu ya kusugua kila kitu. Uso wa baba hajaugusa. Alisema siku hizi watu wanaleta marehemu wao wawekewe suti na ngozi laini kama ya mtoto. "Nikasema, kwa mzee Gaspari sithubutu."

Kisha akasema kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Picha inayopendeza kwenye kioo, kwenye karatasi kubwa inamezwa na giza. "Kwa hiyo nimefungua vivuli, mzee. Angalia huku chini."

Akasogeza. Kushoto, chini.

Ipo. Yote. Vidole vya baba, mpini, duara, matundu matano. Zaidi ya nilivyoiona kwenye ile ndogo ya mama. Na ubao unang'aa.

"Hiki si kifaa cha useremala? Kama mwiko vile. Cha kupakia gundi, eeh?"

Nikasema eeh.

Jumatano, 11 Juni

Leo imetimia miaka sitini.

Nimekaa uani na mahindi yanayokaushwa, nafukuza kuku. Nawaza ule mng'ao. Dorine anadhani ni varnishi. Ni mafuta ya karanga. Ubao ule ulikuwa unapasuka kiangazi, na ukipasuka unachana. Kila Jumapili jioni baba alinipa kitambaa na kijiko kimoja cha mafuta. Sugua mpaka uone sura yako, alisema. Nilikuwa na miaka tisa, kumi, kumi na moja. Niliipenda kazi ile. Alinipa mimi, hakumpa mtu mwingine.

Sikuwahi kuliandika hili.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia Dorine aipake giza pembe ile, iwe kama ya ukutani. Akanitazama. Ida alitaka yote ionekane, mzee. Nikasema mimi ndiye mwenye baba.

Akafanya. Akachapa kipande cha majaribio, upana wa kiganja, ukubwa halisi, kwenye karatasi yenyewe, kama nilivyokuwa nafanya mimi zamani. Tukakipeleka nje kwenye mwanga wa mchana. Haikufaa. Kwenye ukubwa wa sahani giza lile ni kivuli. Kwenye tisini kwa tisini ni lami. Mtu yeyote ataona kuna kitu kimezikwa pale. "Panaonekana pamepakwa, mzee. Nitaonekana sijui kazi."

Nikasema basi ikate. Kiunoni kwenda juu. Uso, kifua, mabega, basi. Itakuwa ya mstatili, na tumboni hakuna ubaya wowote. Akakata. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Sura ya baba pekee, kubwa, ametulia. Angeweza kuwa seremala. Angeweza kuwa katekista!

Nilikuwa nimeshavaa kofia aliposema: "Sasa na yule mzee wa Msumbiji nimtumie hii mpya? Maana ile nzima nilimtumia juzi aiangalie. Ida alinipa namba."

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Sikumbuki nilipita wapi.

Jumamosi, 14 Juni

Simu iliita saa tatu. Niliiacha. Ikaita tena. Ida akatoka bafuni na sabuni masikioni: "Baba, simu hiyo! Ni wa kwetu!" Nikaipokea, nikaenda nayo nyuma ya choo.

Bartolomeo aliuliza afya. Baridi. Mahindi. Kisha akasema, achimwene, ndugu yangu, picha nimeiona. Kali sana. Matundu yote yanahesabika.

Nilichungulia kama Ida ananifuata. "Umekufa?" Nikasema sijafa. Akaendelea: "Nilidhani utatuletea ya kukatwa. Usikate. Hata ukucha."

Nikamuuliza kwa Kinyasa, lugha yetu ya utotoni: mlijua siku zote? Akacheka, si kwa ubaya. Kijiji kizima kilijua baba yako ni nani. Sisi Nkolowe hatujawahi kuwa na seremala, Gaspari. Milango tulinunua kwa Wahindi.

Wapo wazee watatu hai waliopigwa naye. Mmoja ni kipofu, anasema atasogezwa karibu aipapase karatasi. Mama yake Bartolomeo hakukunja vidole tena mpaka kufa kwake, walimlisha. Aliyasema haya polepole, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya harusi. Picha itakaa pamoja na nyingine, ukuta ule ule. Wajukuu waone wote.

Halafu akasema: "Na kaburi lake ninalijua. Nilikuwepo. Uje nikuonyeshe."

Nilikuwepo! Alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Miaka kumi na minne. Tulikuwa tunachunga mbuzi.

Nikasema nitakuja. Akasema vizuri, utasimama karibu na picha, utataja jina lake, watu wakusikie. Sauti yake ilikuwa ya upole mwanzo hadi mwisho. Angenitukana ningejua nimesimama wapi.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema kifua. Ida kaniletea tangawizi na kunifunika blanketi mbili. Anaimba akipiga pasi shati langu jeupe.

Jumatatu, 16 Juni

Sijui kama ni ujasiri au ni uchovu. Nimekwenda kwa Dorine nimemwambia achape nzima. Akashukuru Mungu kwa sauti.

Nilikaa naye saa mbili. Alitaka kuongeza ukali wa mistari, nikamzuia: ukizidisha, nywele zinakuwa waya. Nikamwambia arudishe vivuli kidogo, visiwe wazi mno, usiku uwe usiku. Lakini pembe ile aiache kama ilivyo. Hapo nilikuwa fundi, si mtoto wa mtu. Printa ilienda taratibu, mstari kwa mstari. Kwanza nywele. Kisha macho. Nilitoka nje kabla haijafika mkononi.

Niliporudi ilikuwa imelala mezani. Ni kubwa kuliko nilivyomkumbuka. Nilisimama kwenye pembe ya kushoto na matundu matano yakanitazama.

Kuna ukingo mweupe chini, wa maandishi. Bartolomeo ametuma walivyoandika wengine: jina na kazi. Katekista. Mkunga. Mfua vyuma. Dorine akakaa na vidole juu ya kibodi, anasubiri. Nikasema jina tu. Akaniandikia jina tu. Nikafika mpaka njia panda ya Matogoro, nikarudi. "Ongeza: Sipai."

"Sipai ndiyo nini, mzee?"

"Askari wa zamani."

"Kumbe alikuwa na kazi mbili!"

Akaiviringisha, uso ndani, na karatasi laini katikati, akaiingiza kwenye bomba la plastiki la mafundi maji, akaziba ncha zote kwa gundi. Msifungue njiani, alama za vidole hazitoki. Kwa hiyo Ida hajaiona.

Jumanne, 17 Juni

Mara nne nimemwita Ida. Mara ya kwanza nikaomba maji. Ya pili nikauliza kama pasipoti yake ipo. Ya tatu nikasema hakuna kitu. Ya nne akacheka, akaniambia kwamba safari imenirudisha utoto.

Jumatano, 18 Juni

Saa tatu na robo. Gari limefika. Niandike haraka.

Bartolomeo ni mzee mfupi mwenye koti kubwa. Nilimtambua kwa masikio. Tulisimama getini tukitazamana, kisha akanyoosha mikono miwili na mimi nikatoa yangu. Akaishika viganjani, akaigeuza juu, akaitazama. Akasema: laini. Basi. Akaingia ndani kunywa chai.

Sebuleni alisimama mbele ya ile ya ukubwa wa sahani. Alikaa nayo muda mrefu. Ida akamwambia, hiyo ndogo haimwonyeshi babu vizuri, subiri utakapoifungua hiyo kubwa. Akasema, ndiyo mwanangu, nitasubiri.

Nilimuuliza pembeni, kwenye mlango wa jikoni: ulikuwepo kufanya nini? Hakujifanya hajaelewa. Akasema, kushika taa. Kisha akaomba sukari.

Sasa wako nje. Namsikia Ida anamfundisha dereva namna ya kulaza bomba lisibanwe na mizigo. Kakaa nalo siti ya nyuma, kalipakata. Bartolomeo anamtania kuwa analishika kama mtoto mchanga, naye anajibu: ni babu yangu huyu, shikamoo babu! Wote wanacheka. Dereva pia.

Nimesema naingia kuchukua dawa za kifua. Mkoba wangu uko tayari mlangoni, shati jeupe limo. Nimekaa kitandani badala yake. Si hofu ya kupigwa. Watu wale watanipa kuku na kiti. Ni kusimama kule na kutaja jina, na wazee watatu wakisikiliza. Ni yule kipofu na vidole vyake juu ya karatasi, pale panapong'aa.

Honi. Mara mbili.

Nimemwita Ida kwa dirishani, aje peke yake. Anasema, Baba jamani, tutachelewa mpakani, lakini anashuka. Bomba amemwachia Bartolomeo. Viatu vyake viko kwenye kokoto, sasa viko barazani.

Nitamwambia yeye kwanza, hata nikisema neno moja tu. Akitaka kwenda baada ya hapo, aende. Nkolowe mimi sirudi.